Acha Kona Moja Isifagiwe: Mwongozo wa Kufundisha Mazingira Ndani ya Uwanja wa Shule Dodoma

Shule nyingi za msingi hapa Dodoma zinaanza siku kwa fagio. Kila darasa lina eneo lake, kiranja anasimamia, vumbi linapaa, na ikifika saa mbili uwanja umebaki mchanga mtupu wenye mistari ya chelewa. Unapendeza, na wageni wanausifia. Ila kwa mwalimu wa Sayansi au wa Jiografia na Mazingira, huo ni ubao uliofutwa kabla watoto hawajanakili. Jani limekwenda jalalani, na mdudu aliyejificha chini yake amekwenda nalo, pamoja na mbegu iliyokuwa ikingoja mvua.

Mwongozo huu ni wa mwalimu ambaye hana basi la kuwapeleka watoto Hifadhi ya Ruaha wala Pori la Akiba la Swagaswaga, ana darasa la watoto themanini au tisini, ana kipindi cha dakika 40, na ana uwanja. Watoto wetu wengi wa Ilazo, Nzuguni na Area C walikuja na wazazi wao serikali ilipohamia huku. Wanakaa kwenye nyumba zilizosakafiwa mpaka getini. Pori kwao ni kitu cha kwenye televisheni. Huna haja ya kuwapeleka mbali ili uwatoe huko.

Omba kona, usiichukue

Anza na mwalimu mkuu. Ukiacha majani yakae bila ruhusa utaonekana mzembe, na mwalimu wa zamu atawatuma watoto wamalizie kazi uliyoiacha. Nenda ofisini na ombi dogo linaloeleweka: "Mkuu, naomba hatua tano kwa tano kule nyuma ya stoo, iwe sehemu ya kujifunzia Sayansi. Nitazungushia uzio na kuweka kibao." Kibao usikidharau. Mthibiti ubora akikuta majani makavu ataandika uchafu. Akikuta majani hayohayo yana kibao cha "Eneo la Kujifunzia, Darasa la Tano", atauliza wanajifunza nini hapa, na watoto watamjibu wenyewe.

Chagua mahali penye angalau mti mmoja, pasipo njia ya kupita, mbali na madirisha ya madarasa. Epuka rundo la matofali, mabati ya zamani au mbao zilizooza, kwa sababu hapo ndipo nyoka wanapopenda kulala. Mipaka iwekewe mawe yaliyopakwa chokaa, kisha zungushia matawi ya miiba. Dodoma hii, uzio usio na miiba ni chakula cha mbuzi.

Wakati mzuri wa kuanza ni Septemba au Oktoba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla yake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Kona iliyoachwa mapema itakuwa imeshafunikwa na majani mvua zitakapoanza, na tofauti yake na uwanja uliofagiwa itaonekana hata na mtoto wa darasa la pili.

Kanuni za kutoka nje

Ziandike chache, watoto wazikariri kabla ya kutoka:

Hakuna kuingiza mkono wala kijiti shimoni. Jiwe linainuliwa na mwalimu, kwa fimbo, upande wa mbali ukianza kufunguka ili kilichomo kikimbilie huko na si miguuni mwenu. Mkimaliza linarudishwa lilivyokuwa. Nge wanapenda chini ya mawe. Kila mtoto awe amevaa viatu. Utomvu wa mnyaa haushikwi, kwa kuwa ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na shule nyingi zina ua wa minyaa. Manati hayaji shuleni kabisa.

Mtoto akiumwa na nyoka, hakuna kuchanja, kunyonya wala kufunga kamba kwa nguvu. Atulizwe, kiungo kisichezwe, apelekwe hospitali mara moja. Jua mapema ni gari au bajaji ya nani itakayombeba.

Darasa la watoto tisini linatokaje?

Kamba. Kata kamba ya katani yenye mita 3 na sentimita 14, ongeza kidogo ya kufungia fundo, unganisha ncha. Ukiitandaza chini inatoa duara lenye kipenyo cha mita 1, na hapo umeshapata kipindi cha Hisabati cha bure kwa darasa la juu. Watoto tisini wakigawanywa sita sita wanahitaji kamba kumi na tano. Makundi matano au sita yanaingia kwenye kona, mengine yanatandaza kamba zao kwenye uwanja uliofagiwa, halafu yanabadilishana. Kwa hiyo ulinganisho unajifanya wenyewe na wewe unabaki kuzunguka.

Ndani ya kundi kila mtoto apewe kazi: mwandishi, mchoraji, mpimaji, mhesabu, mtunza muda na msemaji. Asiye na kazi ndiye atakayemrushia mwenzake jongoo.

Dakika 40 nazigawa hivi: tano za kutoka na kupanga, kumi za kutazama kimya, kumi za kuandika na kuchora, kumi za kubadilishana, tano za kurudi. Dakika kumi za kimya ndizo ngumu na ndizo zenye faida. Dakika tatu za mwanzo watoto watasema hakuna kitu hapa, ni mchanga tu. Usiwajibu. Kufika dakika ya sita mmoja atakuwa amelala kifudifudi akimfuata sisimizi aliyebeba bawa la nzi, na wengine watamwinamia. Mwishoni usiulize "Mmeona nini?" maana watataja vile wanavyodhani unavitaka. Uliza: "Kipi hukukiona ulipofika, ila sasa umekiona?"

Somo la kuanzia: maji yanakwenda wapi

Kama ungekuwa na muda wa somo moja tu kwa mwaka mzima, ningekushauri liwe hili.

Tafuta chupa tatu za maji za lita moja na nusu. Zikate ubavuni kwa urefu ziwe kama mitumbwi, mdomo wa chupa ukiwa mbele. Ya kwanza ijaze udongo wa uwanja uliofagiwa. Ya pili udongo huohuo, lakini juu yake utandaze majani makavu. Ya tatu kata kipande cha udongo chenye nyasi na mizizi yake. Kama ni kiangazi na nyasi hazipo, panda mtama kwenye udongo huo wiki mbili kabla. Ziegemeze zote juu ya tofali kwa mteremko sawa, midomo ikielekea kwenye vikombe vinavyopitisha mwanga. Watoto watatu wamimine maji ya kiasi kilekile kwa mara moja, wakitumia vifuniko vilivyotobolewa ili yashuke kama mvua.

Kikombe cha kwanza kitapokea maji mengi, haraka, yenye rangi ya chai ya maziwa. Cha pili maji machache na masafi kidogo. Cha tatu yatachelewa, yatakuja matone, na yatakaribia kuwa maangavu. Acha vikombe vikae mpaka kesho yake ili tope lituame, kisha pimeni unene wake kwa rula.

Sasa watoe nje. Wapeleke kwenye korongo lililo nyuma ya shule, au kwenye ule ukuta ambao msingi wake umebaki wazi kwa kuwa mvua za kila mwaka zimeuchimba. Waulize udongo uliokuwa hapa ulikwenda wapi. Baada ya vile vikombe, jibu watakuwa nalo.

Hapo ndipo pa kuwasimulia habari za Kondoa. Mmomonyoko ulikuwa umeikata ile ardhi makorongo makubwa, hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoathirika zaidi. Nyasi na vichaka vikarudi. Mfugaji aliyeambiwa ahamishe ng'ombe wake alilipa gharama kubwa, na hilo nalo waambiwe. Watoto wa darasa la sita wanaweza kujadili nani alistahili kubeba mzigo ule. Si lazima mkubaliane.

Mchwa kwenye gome la mwarobaini

Karibu kila shule ya mjini ina mwarobaini, na kwenye shina lake, kiangazi, utakuta njia za udongo zinazopanda kama mishipa. Hili ni somo lililokamilika na halina gharama.

Chagua njia moja. Mtoto mmoja atumie kijiti kubomoa kipande chenye urefu wa kidole gumba, si zaidi. Mchwa wataonekana, weupe, wakihangaika. Mwambie mtunza muda aanze kuhesabu. Askari wenye vichwa vikubwa na taya nyeusi watasimama ukingoni mwa tundu. Wafanyakazi watakuja nyuma yao, mmoja mmoja, kila mmoja na punje ya udongo mdomoni, anaibandika, anageuka, anarudi. Wafanyakazi hao hawaoni. Wanajuana kwa kugusana na kwa harufu. Kwa nini wahangaike kuziba badala ya kukimbia? Waache watoto wabahatishe, kisha wawatazame sisimizi weusi walioanza kusogea pale palipobomoka. Njia ile ya udongo inawakinga mchwa na maadui, na inawakinga na jua ambalo lingewakausha kwa muda mfupi. Kesho yake asubuhi rudini. Mara nyingi mtakuta pamezibwa, na udongo mpya una rangi iliyokolea kuliko wa zamani.

Wengi watasema mchwa anaua mti. Waambie wakwangue kidogo chini ya njia ile: mara nyingi mtaona wamekula gome lililokufa tu na mti uko mzima. Mti mwenyewe ni mgeni. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi, kama mlonge. Ule wenye maua mekundu ya Desemba, mkrismasi, asili yake ni Bukini. Wa kwetu hasa ni mbuyu, mkwaju na migunga, na ajabu ni kwamba hao ndio adimu ndani ya fensi za shule. Mkibahatika kuwa na mbuyu, waambie watoto wanaokaa jirani waje na wazazi wao jioni ya msimu wa maua: yale maua meupe yanafunguka jua likizama, na mgeni wake mkubwa ni popo.

Mkiwa bado nje, angalieni chini ya ukuta, kwenye vumbi laini lisilofikiwa na mvua. Vile vishimo vidogo vya umbo la faneli vimechimbwa na kidudu kinachongoja sisimizi ateleze. Watoto wanakijua, wanamchezea kwa unyasi. Wasichokijua ni kwamba huyo ni mtoto; akikua anaota mabawa na kufanana na kereng'ende.

Kiangazi: kijiti na kivuli

Kuanzia Mei hadi Oktoba majani ni machache na wadudu wamejificha. Jua lipo.

Simika ufito ulionyooka, mita 1 kutoka ardhini, mahali pasipo kivuli. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu, kila baada ya dakika kumi, mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli na kupima urefu. Darasa litatarajia kivuli kifupi kabisa saa sita kamili. Haitakuwa hivyo. Mwanzoni mwa Julai kitakuwa kifupi zaidi karibu saa sita na dakika 40. Oktoba ni kama saa sita na dakika 25. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Dodoma iko karibu nyuzi 36. Kila nyuzi moja ni dakika nne. Waachie wazidishe wenyewe; jibu lao litapishana kwa dakika chache na kipimo, kwa kuwa, kama mlivyoona Julai na Oktoba, saa hiyo hubadilika kidogo kwa majira.

Sasa rudieni kipimo hicho mara nne kwa mwaka. Mwanzoni mwa Julai, shule ikifunguliwa, kivuli kifupi kitakuwa na zaidi ya nusu mita na kitalala kusini. Kati ya tarehe 7 na 11 Oktoba kitakuwa karibu kimekwisha, jua liko utosini. Mwishoni mwa Novemba kitakuwa kama robo mita, na safari hii kimelala kaskazini. Mwanzoni mwa Machi kinapotea tena. Mtoto aliyeiona ncha ya kivuli ikihamia upande wa pili wa kijiti hatahitaji kukaririshwa kwamba jua la utosi linasafiri kati ya tropiki mbili.

Ndege

Kwa darasa kubwa hili ni la kundi moja moja, zamu kwa zamu, saa moja na nusu asubuhi kabla ya mstarini. Kaeni chini dakika kumi, hesabuni aina, siyo majina. "Yule mweusi mwenye kifua cheupe" anatosha kwa kunguru. Chozi utamwona kwenye maua, mdomo umepinda. Kwenzi kwenye makombo ya uji. Mnana kwenye mgunga, dume likisuka kiota kinachoning'inia. Kwelea kwelea watoto wenye babu na bibi Chamwino au Bahi wanawafahamu vizuri sana, kwa sababu wamewahi kukaa shambani kuwafukuza kwenye mtama na uwele. Mpe mtoto huyo nafasi ya kufundisha. Mara nyingi ni yule asiyenyoosha kidole darasani.

Kisiki kuliko mche

Siku ya kupanda miti tunaijua: mgeni rasmi, picha, miche mia mbili. Ikifika Agosti imebaki vijiti. Tatizo ni maji, na pia mche uliopandwa kwa ajili ya picha hauna mwenyewe.

Kabla hujaomba miche, zunguka uwanja utafute visiki vinavyochipua. Njia ya Kisiki Hai, ambayo shirika la LEAD Foundation limeieneza kwa wakulima wa mkoa huu, inafaa shuleni kuliko mahali pengine popote. Kata machipukizi dhaifu, acha mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu. Ondoa vitawi vya chini hadi karibu nusu ya urefu, kwa kisu kikali kinachoshikwa na mwalimu. Funga kitambaa chenye rangi ili mfagiaji na mkata nyasi wakione. Rudia baada ya miezi michache. Kwa kuwa mizizi imeshafika chini, chipukizi halingoji kidumu cha mtu.

Mkipanda mche hata hivyo, upewe kundi moja, chini yake pachimbwe bakuli la kukusanya maji, na unyweshwe maji yaliyotumika kunawia mikono. Miche mitano iliyopona ni bora kuliko mia mbili iliyokauka.

Daftari

Kila kundi daftari moja, kila mnapotoka nje iandikwe tarehe, saa, hali ya hewa, mchoro, na safu ya mwisho iandikwe "Nyumbani wanakiitaje". Hapo utapata Kigogo, Kirangi, Kisukuma, Kichaga, na mjadala. Jina la kitaalamu lije mwisho kabisa. Nimeona mtoto aliyepewa jina mapema akiacha kutazama. Mchoro usahihishwe kwa swali ("miguu ni mingapi? rudi ukahesabu") na siyo kwa kalamu nyekundu.

Mvua za kwanza

Wiki hiyo vunja ratiba. Omba vipindi kwa wenzako, utawalipa. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza kubwa kumbikumbi watakuwa wameruka usiku na mabawa yao yametapakaa chini ya taa ya ofisi, jongoo wanatoka, na kwenye mchanga wenye unyevu wanatembea wale wadudu wadogo wekundu kama mahameli, ambao baada ya siku chache huwaoni tena mpaka mwaka ujao. Ndani ya kamba zilezile za mita 1, hesabuni machipukizi kila siku tatu: kwenye kona, na kwenye uwanja uliofagiwa. Kati ya yatakayoota zimo mboga za mlenda. Bibi wa Kigogo akialikwa ataonyesha ni ipi na inakaushwaje kwa ajili ya kiangazi.

Kipima mvua tengenezeni mapema. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ikatwe theluthi ya juu, ipinduliwe iwe faneli. Tia kokoto na maji chini hadi pale ubavu unaponyooka. Hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Iwekwe wazi, mbali na bati na matawi, isomwe saa tatu asubuhi kila siku, kisha irudishwe kwenye sifuri. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la darasa la mita 8 kwa 7 likipata milimita 20 linamwaga lita 1,120, zaidi ya tangi la lita 1,000. Waonyeshe maji hayo yanapopitia, na kule yanakochimba.

Shida ni kwamba shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Kwa hiyo kabla ya kufunga, kila kundi litengeneze vipima mvua viwili: kimoja kibaki kwa mlinzi wa shule, kingine kiende kwa mtoto anayekaa mbali, Ihumwa, Msalato au Ntyuka. Wapewe jedwali lenye tarehe tayari, waandike sifuri siku isiyonyesha badala ya kuacha wazi. Januari majedwali yote yaandikwe ubaoni bega kwa bega. Mvua za hapa zinaweza kuilowesha Nzuguni na kuiacha Kizota kavu siku hiyohiyo, kwa hiyo tarakimu hazitafanana, na wataanza kutuhumiana nani amepika hesabu. Waache wabishane kidogo, halafu waambie kila mmoja aonyeshe siku mbili alizoandika sifuri na aeleze mawingu yalikuwaje.